Mrehani wa Njia ya Tatu

Jumamosi, 31 Januari 2026

Nimefika. Kivuko cha Pangani kilikuwa ng'ambo, nikakingoja saa nzima juani na makopo yangu ya rangi. Halafu bodaboda mpaka huku juu, njia ya Mwera. Kopo moja limevuja kwenye begi — la njano! Gauni langu la kanisani limekwisha kazi. Umeanza vizuri, Kristina.

Hoteli ni nyumba ya zamani ya bwana mkubwa wa shamba la mkonge. Kuta nene hata simu haishiki mtandao chumbani. Bafu la chuma lina miguu ya simba. Picha ukutani: wazungu na mbwa wao, na kila mbwa ameandikwa jina lake. Wakata mkonge wamesimama nyuma, wadogo, hawana jina hata mmoja. Nikawatazama mmoja mmoja. Babu Castory alikata mkonge pande hizi, akafia huku huku, na baba mpaka leo hajui alizikwa wapi. Nikaacha kutazama. Nimekuja kupaka rangi.

Kazi: njia tatu za wageni. Mbili za miguu, ya Tatu ya baiskeli. Kila penye kona au njia panda, mshale wa njano kwenye mti au jiwe. Wiki mbili, nalala chumba namba nne kama mgeni kabisa. Meneja anaitwa Robert, kijana wa Lushoto, shati limepigwa pasi mpaka linatisha. Kanisomea sheria: wageni watafuata mishale, lakini mfanyakazi haingii njiani bila mwongozaji, na wote wawili wanasaini daftari la njia. Desemba alimfukuza kazi mtu aliyesaini safari ambayo hakwenda. Alivyonitazama, utadhani mimi ndiye wa Desemba.

Jumatatu, 2 Februari

Njia ya Kwanza na ya Pili tayari! Miguu inawaka moto.

Mwongozaji wangu ni Rahimu, wa kijiji cha hapo chini. Anapanda mlima kwa baiskeli huku anaongea. Mimi natembea na sina pumzi ya kumjibu, basi anajijibu mwenyewe. Leo habari ilikuwa Sabra tu. Sabra anashona nguo kijijini. Posa imeshapelekwa, jibu Jumamosi ya tarehe kumi na nne, kabla ya mfungo. Nikamwambia, ukiendelea kuongea hivi Sabra atakuwa kiziwi kabla ya harusi. Akacheka mpaka baiskeli ikamwangusha.

Mama yake Sabra ndiye mpishi wa hoteli, Mwanasiti. Mjane. Ananiita mwanangu, ati nimekonda. Mimi! Nikaongezwa mkate wa kumimina, nikala wote kwa ajili ya kumheshimu.

Jumanne, 3 Februari

Njia ya Tatu imekwisha. Kwa siku moja!

Asubuhi Rahimu kaja amenywea. Leo nisfu Shaaban, amefunga, na madrasa wana kisomo, yeye ndiye wa kubeba masufuria. Alisahau kuomba ruhusa. Akaniomba tuiache Njia ya Tatu mpaka kesho. Kesho! Rangi nimeshaichanganya na thina, nikae niitazame ikigandia koponi? Nikamwambia nenda zako kisomoni, ramani ninayo kwenye simu, mimi si mtoto. Ila sheria ya daftari. Akasaini, nikasaini. Sekunde mbili.

Kwenda peke yangu nimekupenda. Kimya, upepo wa kaskazi tu. Kwenye kona ya mteremko ramani inataka mshale na miti hakuna, vichaka vitupu. Lakini mawe! Mawe ya matumbawe yamesimama mawili mawili, kimo cha goti, utadhani yaliwekwa kunisubiri. Mawe sita, mishale sita. Mizuri kuliko yote niliyopaka hapa.

Karibu na jiwe dogo kuna mrehani umejiotea, umenawiri na ukame wote huu. Nimekata matawi mawili. Yako kwenye glasi dirishani, chumba kizima kinanukia.

Jumatano, 4 Februari

Robert amefurahi — alitabasamu, nimeshuhudia. Wageni wawili wa baiskeli wameijaribu Njia ya Tatu na hawakupotea. Wamepiga picha: mmoja amekaa juu ya jiwe anafunga kamba za kiatu, mshale wangu unaonekana pembeni ya goti lake. Robert ameiweka kwenye status ya hoteli. Niseme kweli, niliona fahari.

Jioni Mwanasiti kaniletea chai chumbani mwenyewe. Akasimama dirishani. Akauinamia mrehani, akaunusa. Akauliza nimeutoa wapi. Nikasema njiani, mama, umejiotea. Akasema chai itapoa, akatoka.

Ijumaa, 6 Februari

Mungu wangu.

Baada ya swala wamekuja wanaume wanane na kanzu zao. Mbele yao mzee Uweso, kaka wa marehemu mumewe Mwanasiti. Nilikuwa verandani nachora kibao cha maegesho. Hakupiga kelele hata mmoja. Uweso akamwonyesha Robert simu: ile picha. Sabra ndiye aliyeiona kwenye status.

Jiwe alilokalia mgeni ni la kichwani mwa Nasri. Mdogo wake Sabra. Alifariki ana miaka minne. Mawe mengine ni ya babu na bibi yake. Kila kaburi jiwe moja kichwani, jiwe moja miguuni. Hapo palikuwa shamba la ukoo kabla hawajahamia chini.

Makaburi! Nimeyachora makaburi mishale. Nimeelekeza baiskeli juu ya mtoto wa watu.

Uweso akauliza nani alimpeleka mpakaji. Robert akafungua daftari, akasoma: Rahimu. Nikasubiri wanigeukie mimi. Hawakunigeukia! Uweso akasema mgeni hajui, mgeni hana kosa, lakini Rahimu anayajua makaburi yale tangu anachunga mbuzi. Kisha akasema — hili nitalisikia mpaka nife — mtu aliyesimama akatazama mtoto wetu anapakwa rangi, huyo hana binti kwetu. Jumamosi ijayo waje, watapewa jibu lao mbele ya watu.

Brashi ilikuwa mkononi mwangu. Sikufungua mdomo.

Jumamosi, 7 Februari

Nimemkuta Rahimu stoo ya baiskeli anaziba pancha. Nikalia. Yeye hakulia. Nikamwambia naenda kusema sasa hivi kwamba hakuwepo. Akaniambia: dada Kristina, nyamaza. Ukisema sikuwepo, meneja ananifukuza kama yule wa Desemba, na posa ya mtu asiye na kazi hufa yenyewe. Ukinyamaza, huenda mzee Uweso akapoa.

— Na asipopoa?

Akaendelea kupiga pampu. Tairi lilishajaa, yeye anapiga tu.

Hakunikumbusha kwamba aliniomba tusubiri kesho. Angenitukana ningepata nafuu.

Kwetu Maramba kaburi lina msalaba na jina, hata la maskini. Ndiyo maana sikutambua. Kisingizio hiki nimekiandika hapa nikitazame. Nimekitazama. Babu yangu mwenyewe hana msalaba wala jina, amelala chini ya mkonge mahali fulani, na huenda kuna mtu anapita juu yake anapiga mluzi. Mimi katika watu wote ndiye niliyepaswa kuuliza mawe yale ni nini.

Jumapili, 8 Februari

Nimekwenda na thina, msasa na matambara. Bila kusaini, na peke yangu — tena! Sijifunzi.

Jiwe la matumbawe linakunywa rangi. Kadiri nilivyosugua ndivyo njano ilivyozama ndani. Mishale haisomeki tena, lakini sasa kila jiwe ni kama kitambaa kilichomwagikiwa manjano. Jiwe la Nasri limemeguka ukingoni, kipande cha ukubwa wa kidole. Nikakishika kiganjani sijui nikiweke wapi. Nikakirudisha chini ya jiwe. Hapo pembeni kuna kisiki cha mrehani, kimekatwa mshazari na kisu changu, na udongo wake umelowa. Kuna mtu anaumwagilia. Umejiotea, nilisema! Februari hii, udongo mkavu kote, na mimi nikasema umejiotea.

Nimesali rozari njia nzima ya kurudi. Nilipofika sikukumbuka nimefika tendo la ngapi.

Jumatatu, 9 Februari

Robert ameandika barua ya kuomba radhi kwa kijiji. "Uzembe wa mwongozaji." Rahimu kapewa onyo, kasaini. Mimi nimepewa kibao cha kuchora: Njia ya Tatu Imefungwa. Nimekichora. Herufi zimenyooka kabisa. Najichukia.

Jumatano, 11 Februari

Mwanasiti hajabadilika. Hilo ndilo linaniua. Samaki wa kupaka, wali wa nazi, kipande kikubwa kwangu. Kila asubuhi ananiuliza umelala salama, mwanangu. Nasema salama, mama. Halafu haondoki. Anasimama na sinia kama mtu aliyesahau kitu, kisha anaenda. Rahimu akipita jikoni hapewi hata maji. Jana alimwamkia shikamoo mara mbili, na mara zote mbili Mwanasiti akaendelea kukuna nazi.

Mchana Sabra amekuja kumletea mama yake kanga. Macho yamevimba. Nikamuuliza hali, kanijibu kwa adabu, halafu likamtoka lenyewe. Alisema kuhusu rangi angesamehe, rangi ni rangi. Lakini Rahimu alisimama pale akanyamaza, na mpaka leo hajamwambia neno. Mwanaume wa kunyamaza vile atamwachiaje wanawe?

Nikamwangalia. Nikasema pole.

Pole! Ndicho nilichokuwa nacho.

Alhamisi, 12 Februari

Mrehani umetoa mizizi kwenye glasi. Nyuzi nyeupe, nyingi. Nimekaa nazitazama kutwa, sikupaka kitu.

Wapishi wanasema Mwanasiti huenda makaburini Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo. Huwa anakwenda peke yake, mapema, kabla wanaume hawajaenda kusoma Yasini. Hufagia, humwagilia, hupaka mawe chokaa.

Ijumaa ya mwisho ni kesho.

Ijumaa, 13 Februari

Niyaandike kabla sijayabadilisha kichwani.

Nilitangulia. Nilikaa pembeni ya njia na glasi yangu mapajani. Jua lilikuwa limechomoza tu. Akaja na ndoo ya maji kichwani, mkononi ufagio na kopo la chokaa. Hakushtuka kuniona.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba.

Akatua ndoo. Akayatazama mawe, doa moja baada ya jingine. Hakuwa ameyaona tangu nilipoyasugua.

— Mama, ni mimi. Nilipaka mimi, nikasugua mimi, na mrehani nimekata mimi.

— Nnajua, akasema. Mrehani wa huku juu nimeupanda mimi, mwingine hakuna. Tangu siku ile ya chai nnajua umefika hapa kwa mwanangu. Picha ilipokuja nikasema haya, atasema mwenyewe. Nlikuwa nnakungoja.

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza tu. Akasema angeniuliza ningejibu kwa kuwa nimeulizwa. Yeye alitaka niseme.

Siku tisa alisimama na sinia! Na mimi nasema salama, mama, nimelala salama.

Nikamwambia kuna lingine. Rahimu hakuwepo. Nikayatoa yote: nisfu Shaaban, masufuria, daftari, sekunde mbili, na jinsi alivyoniomba tusubiri kesho nikamcheka. Mkono wake ulikuwa ndani ya kopo la chokaa. Ukasimama hapo hapo. Kisha akakaa chini, pembeni ya jiwe dogo, akajifunika uso kwa upande wa kanga, akalia. Sikujua niende au nibaki. Nikabaki.

Alipoweza kusema alisema amemnunia kijana wa watu bure. Amemnyima maji na alikuwa na kiu, alimwona ana kiu. Astaghfirullah, akasema, astaghfirullah, mara nyingi.

Halafu akajifuta, akawa mpishi tena, mtu wa kupanga. Yeye amesikia na ameamini. Lakini baba yake Sabra hayupo, anayeozesha ni Uweso, na Uweso ameshasema neno mbele ya watu. Yeye akimwambia, Uweso atadhani ni mama anayetaka harusi. Hivyo nije kesho alasiri nyumbani kwake, niseme kwa kinywa changu.

— Meneja akisikia, Rahimu hana kazi, mama.

— Meneja wako atasikilizia wapi? Wanakuja wazee wa Rahimu tu.

Basi. Nikasema nitakuja.

Tukapaka chokaa pamoja. Alinifundisha: anza jiwe la kichwani, kwa mkono wa kulia. Mkono wa kwanza wa chokaa njano ikachungulia. Wa pili ikafifia. Kwenye jiwe la Nasri tulipaka mara tatu, na ukitaka kuiona bado unaiona. Mrehani nikaupanda mwenyewe. Aliniambia nisiushindilie sana. Akanimwagia maji mikono, akanikwangua kucha kwa kijiti, kwenye kucha bado kulikuwa na njano.

Kushuka aliniuliza kwetu tunafanya nini kwa maiti wetu. Nikamwambia kuhusu babu Castory. Akauliza jina lake lote, akalirudia mara mbili asilisahau.

Jumamosi, 14 Februari

Nyumbani kwa Mwanasiti. Naandika hapa hapa, daftari gotini, maana nikiandika natulia. Wanaume wako barazani. Sisi wanawake tuko ndani, pazia tu katikati, tunasikia kila kitu. Sabra yuko kushoto kwangu. Hajui nilichokuja kusema. Mama yake hajamwambia. Anasema hilo nalo ni langu.

Wamefika. Baba yake Rahimu, ami zake wawili, Rahimu mwenyewe ameketi karibu na viatu kama mshitakiwa. Na —

Hapana.

Robert! Nimechungulia. Robert ameshuka kwenye gari la hoteli, kavaa kanzu ya kuazima na kofia imemkalia kama kifuniko cha birika. Mlutheri wa watu! Baba yake Rahimu anamtambulisha: huyu ni mwajiri wake, tumemwomba aje amsemee kijana tabia yake. Mwanasiti kanitazama. Hakujua, naona usoni hakujua.

Robert anasema sasa. Anasema vizuri, Mungu amsaidie. Kijana ni mchapakazi. Alikosea mara moja, alipewa onyo, akalipokea bila ubishi. Anamwombea msamaha kwa wazee.

Kwa hiyo nikisema Rahimu hakuwepo, nasema mbele ya Robert. Nikinyamaza, Uweso anatoa jibu alilokwisha kuliapa.

Kuna neno la tatu. Limenijia sasa hivi, tena limekuja limevaa vizuri: niseme Rahimu alinipeleka lakini mimi nilimtoroka njiani, nikatangulia, nikapaka kabla hajafika. Kazi inabaki. Posa inabaki. Lawama yote yangu, na kesho naondoka. Uongo mzuri kabisa, umenyooka kama herufi zangu. Zaidi ya Rahimu, Mwanasiti peke yake atajua, na huenda akanyamaza kwa ajili ya binti yake. Baba husema njia ya mwongo ni fupi. Lakini mimi sihitaji ndefu, nahitaji ya kutoka hapa mpaka kivukoni.

Rahimu ameinua macho upande wa pazia. Anajua niko huku. Ametikisa kichwa, kidogo sana. Usiseme.

Sabra ameliona hilo. Amenigeukia. Ameuliza kwa kunong'ona, dada, kuna nini kati yako na Rahimu ambacho mimi sikijui?

Ananitazama ninavyoandika.

Uweso amekohoa. Anasema kabla hajatoa jibu, kama yupo mwenye neno, aliseme sasa, asije akalisema baadaye njiani. Mwanasiti amenigusa goti. Nasimama, na sijui bado nitasema neno lipi kati ya hayo.

Sabra amenyoosha mkono, anataka daftari.

Nampa.